Nani Atakandika Ujiji?

Yule kijana alikuja na futi kiunoni, na kabla hajakaribishwa kiti alikuwa ameshaivuta na kuisimamisha kwenye mwimo wa mlango wa mama mkubwa. Akapima urefu. Akapima upana. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena chini kabisa, pale ambapo mchwa huanzia. Kisha akapiga picha nakshi za kizingiti cha juu, ua moja baada ya jingine, huku mama mkubwa akimtazama kutoka barazani, ungo wa mchele mapajani.

"Bibi, huu ni mninga."

"Najua ni mninga. Nimeufungua na kuufunga tangu naolewa."

Akataja bei. Juu ya bei akaongeza mlango mpya wa chuma, rangi achague mwenyewe, na fundi wa kuufunga siku hiyohiyo ili nyumba isilale wazi. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia kila aliyepita, akanywa chai aliyopewa, akasifu chapati. Alipoaga aliacha namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi la sabuni, na mama mkubwa akanigeukia.

"Haya, wewe uliyesoma. Niuze, nisiuze?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Usiuze, huo ni urithi. Lakini nyuma yake, kwenye pembe ya sebule, niliona mwanga wa jua ukiingia mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mwanga. Nikanyamaza, nikamalizia chai.

Wiki zimepita. Swali bado linanifuata hadi kwenye daladala ya Mwanga, hapa Kigoma.

Mlango wenyewe

Ni mlango wa tarabe, mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa katikati. Hauna bawaba. Kila ubao una kigingi juu na chini, vimetumbukizwa kwenye vizingiti, na ukisukuma mlango unalia sauti ambayo watoto wote wa ukoo wetu waliokuwa wakirudi usiku wanaijua na kuilaani.

Nakshi za juu bado zina makali yake. Za kwenye mfaa, kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, zimelainika hadi maua yamekuwa vivimbe tu, na mti umekuwa mweusi unaong'aa. Hiyo ni mikono, na hapa Kigoma mikono ina mawese. Ndani ya mitaro ya nakshi kuna rangi ya bluu. Mtu fulani aliupaka bluu, mtu mwingine akaikwangua. Kuna tundu la komeo la zamani lililozibwa kwa kipande cha mti, na chini yake tumbuu ya kufuli la kisasa. Ubao wa chini kulia si wa asili. Ni ubao wa boti lililovunjwa, bado una matundu ya misumari, na aliyeubandika alijaribu kuchonga ua moja ili ufanane na wenzake. Lilimshinda akaliacha nusu.

Mimi napenda lile ua la nusu kuliko mengine yote. Mnunuzi hakulipiga picha.

Mwaka 1863

Nilianza kwa kusoma sheria, maana mtu ukishaitwa msomi unaona aibu kujibu kwa hisia.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Majengo inayoyalinda moja kwa moja ni yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linasubiri hadi waziri alitangaze kuwa ni la kulindwa.

Kaa na mwaka huo kidogo ukiwa Ujiji. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakakuta mji wa wafanyabiashara, misafara inaingia kutoka pwani, pembe na watu wanavushwa ziwa. Mji ulikuwepo. Lakini ulikuwa mji wa udongo, na udongo haukai miaka mia moja na sitini bila kuguswa. Hakuna kiambaza cha mwaka ule kinachosimama leo kikiwa na udongo uleule. Kituo cha reli cha Kigoma, kile chenye matao ambacho kila mgeni hukipiga picha, ni cha enzi ya reli ya Mjerumani iliyofika hapa mwaka 1914. Meli yetu ya ziwani, Liemba, iliundwa mwaka 1913. Hata Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, mwaka ulikuwa 1871. Naye alichelewa miaka 8.

Milango, hata hivyo, imepewa hesabu yake. Mlango au fremu yenye nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinachohifadhiwa. Kuuza au kupeleka nje ya nchi kunahitaji kibali.

Kwa hiyo mlango wa mama mkubwa una sheria.

Ukuta ulioushika hauna.

Nilisoma vifungu hivyo mara mbili nikidhani nimeruka kitu. Sikuruka. Ukitaka kujua nani alikuwa akisumbuliwa na nini miaka ile ya 1960, jibu liko hapo: milango ilikuwa inaondoka kwa meli, kuta hazikuwa zinaondoka kwenda popote. Sheria iliandikwa kumzuia mwizi. Mvua haikuwemo.

Nikapiga simu ofisi moja inayohusika na mambo haya. Aliyepokea alikuwa mkarimu, akaniambia nimshauri mama asiuze, akaniomba niandike barua niambatanishe picha. Nikamuuliza kuhusu ukuta. Akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anayeulizwa kila siku. "Fungu la ukuta hatuna, ndugu yangu."

Mwembe ambao si ule

Wenyeji wa hapa hamhitaji kuelezwa mnara wa Livingstone ulipo. Mmepelekwa na shule, mmeona sanamu zile mbili zimevua kofia, mmekula embe chini ya miembe. Nataka kusema jambo moja tu kuhusu miembe hiyo: mwembe wenyewe, ule Stanley alikomkutia Livingstone, haupo. Ulikufa zamani, na iliyopo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Hakuna anayeona kasoro. Hakuna mgeni aliyedai arudishiwe kiingilio kwa kuwa kivuli si kilekile.

Liemba je? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha kama elfu tano, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa hapa na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate, na mafundi wakazipaka injini grisi nene kabla ya kuiacha. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua. Baadaye injini za mvuke zikaondolewa, zikawekwa za dizeli. Bati la sitaha limebadilishwa, vyumba vimebadilishwa, rangi ndiyo usiseme.

Na tunaiita meli ileile. Tena tuna haki. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, mahali penye mlima nyuma na maji mbele, Liemba ndiyo iliyokuwa inakwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, safari baada ya safari. Mtu aliyekuwa kwenye sitaha siku zile na mtoto mgongoni hakuhitaji kuambiwa kama bati ni la 1913.

Wakati huo nikaona nimeshapata jibu, na nikalipenda. Vitu vya kwetu vinavyodumu ni vile vyenye kazi. Kituo cha reli kimedumu kwa kuwa kimeuza tiketi. Shule ya wavulana ya Tabora alikosoma Nyerere imedumu kwa kuwa ina vijana wanaolala humo na kulalamikia maharage. Kitu kikiwa na kazi hukarabatiwa, kikikosa kazi huwekewa kibao.

Jibu zuri. Lilidumu hadi nilipokutana na fundi.

Saruji

Fundi ni mzee wa Kitongoni, mmoja wa wachache waliobaki wanaojua kukandika nyumba kubwa. Nilimpeleka kwa mama mkubwa akatazame ule ukuta wenye mwanga. Hakutazama tundu. Alikwenda upande wa nje, akainama, akaanza kugonga chini kabisa ya ukuta, mahali palipopigwa lipu nzuri ya saruji na ndugu yetu mmoja aliyepata fedha akataka kumfurahisha mama.

"Sikiliza," akaniambia.

Paligonga kama debe. Akachomeka ncha ya mwiko kwenye ufa, akabinua. Kipande cha lipu kikaanguka kizima, kipana kuliko sinia, na udongo uliokuwa nyuma yake ukaja nacho. Ulikuwa umelowa. Kiangazi, na umelowa. Ndani yake niliona fito, au zilipokuwa fito. Mchwa walikuwa wamezifuata hadi juu.

Akanieleza taratibu, huku akinikatisha kila nilipotaka kuonyesha kuwa nimeelewa. Udongo unakunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa jua, kila siku, ndivyo ulivyo. Ukiuvika saruji unakunywa lakini hautoi. Maji yanakaa. Fito zinaoza, mchwa wanakuja kwenye unyevu, na kwa nje wewe unaona nyumba nzuri ya kijivu hadi siku inapolala chini. Nyumba za namna hii, akasema, saruji imeziua kuliko mvua.

"Sasa dawa yake?"

"Kubandua yote. Kichuguu, nyasi kavu zikatwe fupi, samadi ya ng'ombe, majivu. Uloweke, ukanyage, uache ulale, ukanyage tena. Ukandike, ukauke, ndiyo usiribe. Halafu mwakani urudie palipochoka."

"Kila mwaka?"

Akanitazama kama nimeuliza kama anakula kila siku.

Hapo jibu langu zuri likapasuka. Nyumba ya mama mkubwa ina kazi. Imelala watu kila usiku tangu enzi za Mjerumani au kabla. Haijakosa matumizi hata siku moja, na matumizi hayakuiokoa. Mtu anayeitumia na kuipenda ndiye aliyeleta saruji. Kinachoishikilia nyumba ya udongo ni mkono unaorudi kila kiangazi, na mkono huo unalipwa. Au ulikuwa haulipwi: zamani ilikuwa kazi ya mtaa, wanawake wanasiriba wakiimba, vijana wanakanyaga udongo, jioni sufuria ya ubwabwa. Sasa vijana wako Dar, au wako kwenye bodaboda, na samadi inauzwa.

Kuna kitu kingine fundi alikisema akiwa ananawa mikono. Kwamba hana mwanafunzi. Alikisema bila huzuni yoyote, kama anataja kwamba hana baiskeli.

Aliyepita mlango wa uani

Jioni hiyo nilimweleza mama mkubwa yote: sheria, kibali, saruji, samadi. Nikaongeza na maneno yangu kuhusu historia ya Ujiji, njia ya misafara, jinsi Ujiji na Kwihara ya Tabora zilivyowekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, chini ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Alinisikiliza hadi mwisho. Ana subira.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na mimi nimelala nyumba ile likizo zote za utoto.

Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa wakati wa misafara. Bibi yake marehemu baba mkubwa aliletwa hapa kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa msichana mdogo, na hakuletwa kwa hiari. Alifanya kazi humu. Alipika humu, alizaa humu, na mlango huu wa nakshi hakuruhusiwa kuupita. Alipita wa uani, na kuni kichwani. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, wakati huo ni mtu mzima. Mwanawe alivua, akachuuza dagaa, akaweka akiba, na warithi wa tajiri walipoamua kuhama akainunua nyumba kwao. Mkwe wake mama mkubwa ndiye huyo mwana. Yeye ndiye aliyemsimulia.

"Siku waliyohamia alipita hapa mbele," mama mkubwa akasema. "Mbele ya watu. Akaingia. Akatoka. Akaingia tena. Mwanawe anamwambia, mama, kaa sasa, umechoka. Akasema mniache."

Nilikaa kimya.

Hapa Ujiji kila mtu anajua mababu wa wengi wetu walivuka ziwa kwa njia gani, na hakuna anayelisema mbele ya wageni. Tuna majina mazuri, tuna madrasa, tuna ngoma na maulidi, na swali la "mlikuja lini" tunalijibu kwa kukaribisha chai. Sikulaumu. Mtu ana haki ya kutokuwa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Lakini nilidhani hadithi ile imenimalizia kazi. Nikamwambia, basi ndiyo sababu usiuze!

"Kwa nini?" akauliza. "Ndiyo sababu naweza kuuza. Ni wetu. Tulinunua."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Na hadithi je, mama mkubwa?"

"Hadithi hailoi mvua, mwanangu. Godoro ndilo linaloloa."

Kwihara, njiani

Baada ya hapo nilikuwa na safari ya Tabora kwa mambo yangu mengine, nikapata nafasi ya kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji. Nilishawahi kufika nikiwa mwanafunzi, na kama wanafunzi wote nilikumbuka soda tu.

Safari hii niliangalia kuta. Tembe, nyumba ya udongo alimokaa Livingstone, ni jekundu, paa bapa, vyumba vinazunguka ua. Stanley na Livingstone walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka katikati ya Machi, mzee akabaki akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani, hadi Agosti 25 alipoondoka kwenda kwenye safari ambayo hakurudi. Miezi mitano na zaidi ya kusubiri. Ukisimama uani saa saba mchana unaielewa miezi hiyo bila kuisoma popote.

Udongo nilioushika haukuwa udongo wa 1872. Hauwezi kuwa. Mtu kaukandika, na kabla yake mtu mwingine. Livingstone amepata kitu ambacho bibi yule wa Ujiji hakupata: watu wa kumkandikia nyumba baada ya yeye kuondoka, na fungu la kuwalipa.

Simwonei gere. Ila hapohapo Unyanyembe, eneo hilihili la Tabora, alitawala Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipokuwa wanaingia ngomeni mwake, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Ngome kubwa ya tembe, mtawala aliyeikata njia ya Mjerumani kwa miaka. Waliokuja baada yake hawakuwa na haja ya kuukandika ukuta wake. Kila tembe linalosimama leo limesimama kwa kuwa mtu fulani, kwa sababu zake, aliona linafaa gharama. Na kila lililolala, vivyo hivyo. Umri wa kitu hauna kauli kubwa hapo.

Treni ya kurudi ilichelewa, kama kawaida, nikapata muda mrefu wa kufikiri kuliko nilioutaka. Nje, kati ya Tabora na Kigoma, wanajenga tuta la reli mpya ya SGR. Nikajiuliza matao yetu ya Kigoma yatakuwa na kazi gani siku treni mpya ikifikia kituo kingine. Wenye mamlaka nadhani watakihifadhi. Ni kizuri, kinapiga picha vizuri, kina mwaka unaojulikana. Hofu yangu iko kwa vile visivyo na mwaka.

Nilichomwambia

Nilimwambia mama mkubwa kwamba kwa sheria hawezi kuuza bila kibali, na kwamba yule kijana hakutaja kibali kwa sababu anajua. Hilo alilikubali mara moja; hapendi kesi. Kuhusu kama ingekuwa halali, ningesema nini? Bado sijui kusema "usiuze" kwa mtu anayelala chini ya bati linalovuja, aliyeurithi mlango kwa mtu aliyezuiwa kuupita. Nikitaka abaki nao kwa ajili yangu, kwa ajili ya Ujiji, kwa ajili yenu mnaosoma, basi sisi ndio wenye deni, na deni hilo lina bei: bati, misumari, posho ya fundi, lori la kichuguu.

Ndiyo maana naandika, na naomba nisieleweke vibaya. Sipingi vibao. Sipingi orodha ya dunia, ikija, ije. Lakini nimeona mipango ya kuhifadhi inayoanza na geti la kuingilia, kibanda cha tiketi na choo cha wageni, na nyumba zenyewe zinatajwa ukurasa wa mwisho kama "vivutio". Ningekuwa na sauti halmashauri ningeomba kitu kidogo mno hata kukiandika naona haya: fungu la kukandika. Mwenye nyumba ya udongo ya zamani aje Mei, mvua zikikatika, apewe udongo na nusu ya posho ya fundi, kwa sharti moja tu, asipige saruji. Asitozwe chochote, asiandikwe kibao asichokitaka, asilazimishwe kupokea wageni. Nyumba ikae nyumba.

Watu wawili niliowaeleza wazo hili wameniambia kwamba litaliwa. Labda. Lori la udongo wa kichuguu si rahisi kulila kama fedha ya semina.

Ukoo umechanga. Haikuwa rahisi, kwenye kundi letu la simu kulikuwa na waliosema vunja tujenge ya tofali, hesabu zao zikiwa hazina kosa: nyumba ya tofali ni ghali mara moja, ya udongo ni ghali kidogo kila mwaka milele. Ndugu aliyeleta saruji alinuna siku tatu, kisha akatoa mchango mkubwa kuliko wote. Bati limenunuliwa. Lipu imebanduliwa upande mmoja, na ukuta unakauka. Fundi amekataa kuugusa kabla haujatoa maji yote, na kila anayepita anauliza kwa nini tumeichuna nyumba ya bibi.

Nimemuuliza fundi kama atakubali kufundisha. Alifikiri muda mrefu. Amesema atachukua vijana wawili, si zaidi, mmoja akiwa msichana ni sawa, mama yake ndiye aliyemfundisha yeye kusiriba. Walale mapema, waje alfajiri, na kila mmoja aje na jembe lake. Simu waziache kwao. Nina jina la kijana mmoja kutoka Kasingirima. Nafasi ya pili bado ipo.